Boga Lililonasa Mpakani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kofi kwa sababu ya kidole. Ilikuwa Matombo, kwenye bustani ya misheni, masika yameanza na udongo unanata kwenye viatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina pa kwenda, mjomba akanipeleka kwa msimamizi wa bustani ambaye wote walimwita Bwana Bustani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Alikuwa amechutama mbele ya shina la boga lililotambaa mpaka kwenye migomba. Chini ya majani nikaona tunda dogo la kijani, kubwa kidogo kuliko limau. Nikataka kuonekana mjuzi. Nikasema, "Lile pale limeshaanza," na kidole nikakinyoosha.

Kofi likatua juu ya mkono wangu.

"Kunja!"

"Nikunje nini, mzee?"

"Kidole. Boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Wala halisifiwi, wala halitangazwi. Unalipita kama hujaliona mpaka likomae."

Nilicheka, maana baiolojia ya shuleni ilikuwa bado mbichi kichwani. Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Unacheka? Mimi nina cheti cha kilimo, kimetundikwa ofisini, na kidole nimekunja. Wewe una cheti gani?"

Sikuwa nacho chochote, hata matokeo ya mtihani yalikuwa hayajatoka. Nikakunja ngumi, nikaonyesha kwa kifundo kama mtu anayebisha hodi. Nimeonyesha hivyo maboga yote ya maisha yangu, na mpaka leo sijui kama naamini au nimezoea tu.

Ninyi mnaoanza sasa mtasema kupanda maboga si kazi. Hata nyumbani kwetu walisema hivyo. Boga la kawaida kweli huota lenyewe jalalani. Lakini boga kubwa, lile linalobebwa na watu wawili kwenye gunia, linataka mtu wa kulihudumia. Bwana Bustani alinifundisha kuchimba shimo la kufika magotini na kulijaza samadi ya mbuzi iliyopoa, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi. Shina likishatambaa, unalifukia kidogo kila linapoota jani, ili lishushe mizizi mingine na kunywa maji sehemu nyingi. Asubuhi, kabla jua halijakolea, unachuma ua dume, unang'oa petali zake, unalisugua ndani ya ua jike. Hilo ndilo kuchavusha. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo kilichokaa shingoni mwake. Matunda yakishashika unachagua moja, mengine unayatoa. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu roho inauma.

Yule mzee alikuwa mkali lakini hakuwa mchoyo wa kazi yake. Tatizo lilikuwa mimi. Nyayo ziliniwasha. Kabla boga langu la kwanza halijakomaa nilisikia Dakawa wanatafuta watu, nikaaga.

"Unaondoka na boga liko shambani?" Bwana Bustani aliniuliza.

"Nitarudi kuliona, mzee."

"Hurudi wewe. Nimekutazama miguu."

Sikurudi.

Dakawa nilitunza bustani nyuma ya nyumba ya Meneja wa mashamba ya mpunga, karibu na mfereji. Nilikotoka tulibeba maji kwa ndoo. Pale yalikuwa yanatupita mlangoni, na ndiyo yaliyotuharibia kazi. Maboga yalinenepa haraka na yakaoza kwa chini. Nikajifunza kuyatandikia pumba za mpunga, kisha ubao juu yake, ili tumbo la boga lisiguse udongo. Meneja alikuja jioni moja na kikombe chake cha chai, akatazama.

"Shomari, hili boga linalalia kitanda kizuri kuliko changu."

"Na wewe ukianza kuoza, bosi, nitakutandikia pumba."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Alikuwa mtu mwema. Hata yeye nilimwacha boga likiwa bado na kikonyo kibichi, yaani kile kishikizo kinacholiunganisha na shina. Kikonyo kikikauka na kuwa kama gome, ndipo boga limekomaa. Nilipanda gari la mizigo kwenda Ifakara kwa sababu tu dereva alikuwa na nafasi. Habari za boga lile nilizipata kwa simu, kwamba lilibebwa na wanaume wawili na watu walilishangaa. Niliwasikia wakilisimulia, na mimi nipo stendi ya mji mwingine nakula mahindi ya kuchoma.

Nimefanya kazi hivyo sehemu nyingi, nikipanda mimi, wakivuna wengine. Nilipofika Mafiga mgongo ulikuwa umeshachoka kwa ndoo na samadi. Sijafika hamsini, lakini kuinuka kutoka kuchutama nilihitaji kushika kitu. Nikajiambia msimu huu ni wa mwisho, na nataka jambo moja tu: boga moja nililipande, nilikate mwenyewe, nilipeleke maonyesho ya wakulima ya Nane Nane watu walione nikiwa nimesimama pembeni yake. Baada ya hapo nipumzike.

Bosi wangu wa mwisho alikuwa Matroni, muuguzi mstaafu, mjane, mwenye ua mpana nyuma ya nyumba. Jirani yake alikuwa Bi Mwanaidi, mpika vitumbua. Zamani kwenye uzio wa kati ya nyumba zao palikuwa na upenyo wa kupitishia sahani na moto wa jiko. Kisha wakagombana. Mmoja alisema ni kwa ajili ya kuku, mwingine alisema ni maneno yaliyosemwa kwenye shughuli. Mume wa Matroni akasimika nguzo mbili za zege katikati ya upenyo, zimekaribiana kiasi kwamba mtu hapiti. Mume alifariki, nguzo zikabaki, na wale wawili wakawa wanazungumza kupitia kwangu.

"Shomari, mwambie jirani yako kuku wake yuko kwenye kunde zangu."

"Shomari, mwambie Matroni kuku hajasoma ramani."

Walikuwa wamesimama hatua chache tu, kila mmoja upande wake. Nilikuwa nageuka huku na huku, nayarudia maneno ambayo kila mtu ameshayasikia.

Boga lilipoanza kutoa maua, mgongo ulinilaza. Nilikwenda kwa dada yangu Matombo nikakandwa karibu mwezi mzima. Maua niliyokuwa nimeyachavusha kwa mkono wangu yalipukutika. Niliporudi nilikuta tunda moja tu, lililochavushwa na nyuki, na lilikuwa limeshika kwenye upenyo, katikati ya zile nguzo mbili. Limeshakuwa kubwa kama sufuria ya wali wa shughuli. Nilijaribu kulisogeza. Halikusogea.

"Mama, uliliona?" nilimuuliza Matroni.

"Niliona."

"Lilikuwa dogo?"

"Dogo hivi."

"Mbona hukuniambia kwenye simu? Ningekwambia ulivute pembeni."

"Nikutangazie boga changa liko wapi? Si wewe uliyenikataza?"

Kutoka ng'ambo Bi Mwanaidi akasema, "Shomari, mwambie na mimi niliona kila siku. Ningetia neno, angesema nina kijicho."

Ningemlaumu nani? Wote wawili walikunja vidole, wakapita kama hawajaliona, na boga likajaa pale lilipo kwa adabu zetu sote. Na mimi ningefanya vilevile.

Liliendelea kukua. Lilitokeza tumbo upande wa Matroni na tumbo upande wa Bi Mwanaidi, katikati limebanwa kiunoni na zege. Kila mmoja alitandika majani makavu chini ya tumbo la kwake. Siku chache kabla ya Nane Nane kikonyo kilikauka. Nilikikata kwa mkono wangu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Kisha nikaazima mtaimbo, nikaenda kusimama mbele ya Matroni.

"Nguzo moja tu, mama. Nitaisimika tena."

Aliitazama nguzo. "Hiyo aliisimika marehemu akiwa anaumwa. Nilimshikia ndoo ya zege. Usiiguse."

"Shomari," Bi Mwanaidi akaita kwa sauti ya chini, "mwambie mimi sijaomba itoke."

Nilikuwa na mtaimbo mkononi na nguvu ya kumalizia kazi ile ningeipata. Lakini nilimwona yule mama anavyoiangalia nguzo, nikaulaza mtaimbo chini. Siku ya Nane Nane watu walipita barabarani na kofia za karatasi, muziki unasikika kwa mbali. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na boga langu, na sikulionyesha mtu.

Wiki iliyofuata Matroni alitoka jikoni na kisu kikubwa. "Lisije likaozea hapa," alisema. Akaanza kukata upande wake. Bi Mwanaidi alisikia, akaja na kisu chake cha kukatia nazi. Ganda lilikuwa gumu, wakawa wanakandamiza kila mtu kwake, na visu vikakutana ndani.

"Wewe, utanikata!"

"Toa wewe mkono wako, mimi nimeshaanza."

"Umeanza nini, huoni unakata mbegu?"

"Basi shika hapo. Shika vizuri, Mwanaidi."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niyarudie maneno. Nikaufunga.

Lile la katikati lilibaki limebanwa kwenye nguzo, duara la manjano, kuku wakalimaliza kwa siku mbili. Mbegu waligawana juu ya sinia moja lililopita kwenye nafasi iliyobaki. Nguzo zipo mpaka leo.

Sasa nimeacha. Siwezi kuwaambia ninyi vijana kwamba kazi hii inalipa, wala kwamba inampa mtu jina. Ramadhani ikifika nitakuwa sehemu nyingine, kwa sababu nyayo hazijaacha kuwasha hata kama mgongo umekataa. Lakini boga lile nililila. Lilipikwa kwa nazi, nikaletewa sahani mbili, moja kutoka kila upande, na kila mmoja akauliza ipi tamu zaidi. Nilikaa juu ya ndoo yangu nikitafuna polepole, na wao wakaendelea kubishana kuhusu chumvi, wao kwa wao, bila kunituma.