Glavu za Sadiki Ukutani Kwetu

Nikikumbuka nyumba yetu ya zamani pale Uvira, harufu inayonijia kwanza si ya jiko la mama wala ya ziwa, ingawa ziwa lilikuwa nyuma ya ua wetu. Ni harufu ya glavu za mtu mwingine. Ngozi kuukuu, jasho, na ndagala, wale dagaa wa kwetu, kwa sababu mwenye glavu alikuwa mvuvi, na ndagala hawamtoki mvuvi mikononi hata aoge kwa sabuni gani. Zilining'inia sebuleni kwenye msumari, juu ya kiti cha wageni, zimeunganishwa kwa kamba zao wenyewe, na joto la mchana likipanda zilinuka nyumba nzima. Mama alikuwa akifungua madirisha yote huku akisonya. Baba hakutaka mtu aziguse, hata kuzifuta vumbi.

Baba alikuwa bingwa wa ndondi wa upande wetu wote wa ziwa na wa bonde la Ruzizi, toka Luvungi mpaka Makobola. Watu walimwita Sampio, yaani bingwa. Hata padri alimwita hivyo baada ya misa, na mimi, Riziki, binti yake wa kwanza, nilikwenda shuleni kidevu juu. Mabondia wa kwetu walikuwa na desturi yao. Mwenye kutaka mkanda hakwenda kupiga kelele sokoni. Alikuja nyumbani kwa bingwa siku ya Jumapili, amevaa shati safi, akaacha glavu zake. Bingwa akizirudisha, amekataa, na mji mzima utajua kwamba amekataa. Akitaja siku, watapigana. Lakini maadamu glavu zinaning'inia, mwenye glavu hana ruhusa ya kupanda ulingoni na mtu yeyote; kazi yake ni kuja kila Jumapili kuuliza. Walioanzisha desturi hiyo nadhani hawakuwaza kwamba bingwa anaweza kukaa kimya tu, hakatai wala hakubali, huku miaka ya mwenzake ikipita.

Glavu zile zilikuwa za Sadiki wa Makobola. Alizileta mwanzoni mwa kiangazi, mwaka ambao nywele za baba zilikuwa zimeanza kuota nyeupe kando ya masikio. Nilitegemea kumwona jitu, kumbe alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye mikono mirefu ambayo akiketi hakujua aiweke wapi. Jumapili iliyofuata alirudi. Mama alinituma nimpelekee maji ya kunywa, naye akayapokea kwa mikono miwili, kana kwamba ananipokea mimi mwenyewe. Akanywa, akaweka kikombe chini, akasema, "Mukubwa, nimekuja kuuliza." Baba akamjibu, "Bado." Sadiki akaitikia kwa kichwa. "Haina shida, Mukubwa. Tutaonana siku ya yenga." Kisha akaondoka akifuata barabara ya Fizi kwa miguu, bila hata kutazama juu kwenye msumari. Siku ya yenga kwetu ni Jumapili, na ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Mbwa wetu alifikia kumzoea, akawa anabweka mara moja tu, kwa adabu, ili tujue mgeni amefika.

Msidhani baba alikaa bure msimu ule. Alipigana, tena sana, na watu aliowaita yeye mwenyewe! Alimpiga askari mmoja mstaafu wa Luvungi ambaye alikuwa anahema kabla kengele haijalia. Alimpiga mkulima wa mpunga wa Sange, mtu mwema, aliyepanda ulingoni kwa sababu shemeji zake walimtania. Kila mara watu waliojaa sali, ule ukumbi wa parokia, walishangilia na baba aliinua mkanda, lakini nyuma pale, karibu na mlango, palikuwa na vijana waliokuwa wakiimba polepole, "Sa-di-ki, Sa-di-ki." Baba alijifanya hasikii. Mimi nilisikia, na iliniuma. Nilitaka amkubali huyo mtu, ampige, zile glavu ziondoke, nirudi kuwa binti wa Sampio asiye na lakini. Sikuwahi kuwaza kwamba anaweza kupigwa.

Siku moja baba alisema twende Makobola kununua ndagala. Nilishangaa, maana ndagala walikuwa tele sokoni kwetu. Tuliposhuka kwenye pikipiki hakwenda kwa wavuvi. Alinishika mkono tukapita nyuma ya mihogo mpaka mahali tulipoweza kuuona mchanga wa ziwani. Sadiki alikuwa pale peke yake. Alikuwa ametundika gunia la mchanga kwenye mti, na kwa kuwa glavu zake zilikuwa kwetu, alikuwa amejifunga mikononi vipande vya nyavu kuukuu. Alipiga mkono wa kulia, gunia likajikunja katikati, na sauti ikatufikia baadaye kidogo. Akapiga tena. Hakuwa na hasira, hakuguna, hakujionyesha kwa mtu. Kiganja cha baba kililowa ndani ya changu. Nilimtazama usoni, na jamani, nasema kweli, nilitamani nisingemtazama. Yule hakuwa Sampio, alikuwa mtu anayeogopa. Tulirudi nyumbani bila ndagala, na mama hakuuliza.

Tangu hapo kila "bado" niliyoisikia niliielewa. Baba hakuwa anangoja siku nzuri. Alikuwa anangoja kijana yule achoke, azeeke, aoe, augue, lolote. Na lilitokea. Mvua zilipoanza, wauza samaki walileta habari kwamba mitumbwi miwili ilisukumwa na mawimbi ikagongana, na mkono wa kulia wa Sadiki ulikuwa katikati. Vidole vilikuwa vimevunjika, na aliyeviunga hakuviunga vizuri. Mama aliposikia alishika kichwa, akakaa chini. Baba alitoka uani, akatembea huko na huko, kisha akamwita jirani mwenye pikipiki na kumpa ujumbe: Sadiki aje, Sampio yuko tayari, siku ataje yeye mwenyewe. Mama alisimama mlangoni akamwambia mbele yetu sisi watoto, "Weye, mikono mbili uliiogopa. Sasa iko moja ndiyo unamuita?" Tangu siku hiyo mpaka anakufa, mama hakumwita tena Sampio.

Sadiki alikuja Jumapili, shati lake safi kama kawaida, mkono umefungwa kitambaa. Nilimpelekea maji; safari hii aliyapokea kwa mkono mmoja, akaniomba radhi kwa macho. Baba alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Niko tayari. Taja siku." Sadiki alikunywa maji yote. Kisha, kwa mara ya kwanza, aliinua uso akazitazama glavu zake muda mrefu. Mimi nilikuwa nikiomba amtukane, apige kelele, afanye chochote. Aliniambia tu, "Aksanti, mama," akaenda zake, akaziacha pale pale. Hakurudi Jumapili nyingine yoyote. Na hakuna bondia mwingine aliyeleta glavu kwetu, kwa sababu msumari ulikuwa na mtu. Baba alibaki bingwa. Hakuna aliyempokonya mkanda, na hakuna aliyemwomba auonyeshe.

Sasa nauza vitenge mjini, na jirani yangu ni fundi wa simu. Vijana hujazana kwake wakitazama ndondi za dunia na kubishana: ati bingwa fulani amemkwepa fulani, ati mabingwa wakishazeeka huwakubali tu wale waliokwisha kuchakaa. Mmoja huapa kwamba ni biashara, mwingine kwamba ni woga. Mimi naendelea kupima kitenge changu. Ningewaambia kwamba woga nimeuona kwa macho yangu, ulikuwa unakaribisha wageni vizuri, unawapa kiti na maji. Baadaye ziwa lilipopanda na kuingia sebuleni, tulihamia juu, mlimani. Kila mtu alibeba alichoweza. Mkanda tuliusahau mezani, maji yakauchukua. Baba alitoka na glavu za Sadiki shingoni.

Mwaka huu mikono yake imeanza kutetemeka na maneno yanamponyoka. Jumapili hataki mtu akalie kiti cha wageni. Mwishowe aliniambia, "Riziki, umurudishie. Umuombe azichukue, nipumzike." Nilikwenda Makobola. Sadiki nilimkuta mbele ya nyumba yake, mvi kichwa kizima, anatengeneza wavu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishikilia tu. Alinitambua kabla sijasema jina. Alinipa kiti, akamwita binti yake aniletee maji, nami nikayapokea kwa mikono miwili. "Mukubwa iko?" aliuliza. Nikamwambia yuko, na nikamweleza alichonituma. Alizichukua glavu, akazinusa, akatabasamu kidogo. Aliingiza mkono wa kushoto, ukaingia. Wa kulia hakuujaribu. Kisha akazifunga tena kamba, polepole, akaziweka mapajani mwangu.

"Umwambie mukubwa," alisema, bila chuki yoyote, "bado."

Nilifika nyumbani jioni. Baba aliziona mkononi mwangu kabla sijafungua mdomo, akauliza amesemaje. Nikamwambia. Hakulia, hakukasirika, alinyoosha kidole kwenye msumari wa nyumba ya huku mlimani, nami nikazitundika. Zamani kijana mwenye mikono miwili mizima ndiye aliyekuwa akingoja jibu chini ya glavu hizi. Sasa anayengoja ni baba. Kila Jumapili hunitaka nimpigie pasi shati, na mbwa wa jirani akibweka, hunigeukia na kuuliza kama maji ya mgeni yapo.