Jongo la Tūtere

Miaka ishirini na miwili Tūtere Pōhatu hakuonja bia, lakini kila mguu ulipomvimba kwa jongo watu wa marae, uwanja wa mikutano wa ukoo wao, walimwuliza kamaliza makopo mangapi. Jamani, watu wana midomo! Na huyo ndiye mpishi wao. Hakuna msiba uliopita pale bila yeye kuchoma mawe, kuyapanga shimoni na kufukia nyama na viazi vitamu juu yake. Wageni wakijilia kome na kamba, yeye hukaa jikoni na boga lake la kuchemsha.

Siku ya kumzika shangazi yake aliamka kidole gumba cha mguu kinawaka, hata shuka ikikigusa anapiga yowe. Akajikokota hivyohivyo mpaka kwenye shimo la kupikia, kiatu mguu mmoja, ndala mguu wa pili.

"Mlevi wetu huyo!" binamu yake Tīmoti akapaza sauti. "Leo unapika au unapikwa?"

Watu wakaangua kicheko. Tūtere naye akacheka, angefanyaje? Lakini yalimchoma. Akaweka koleo chini, akarudi nyumbani, na shimo likafunguliwa na wengine.

Jioni binti yake Kahurangi, muuguzi wa zahanati, akaketi kando ya kitanda na kopo la vidonge.

"Baba, figo zinachoka. Kimoja kila siku, hata siku usiyoumwa."

"Hivyo ni vya walafi. Mimi nitaacha na nyama."

"Halafu uache na maji? Baba, chakula huchokoza tu. Figo zako zinashindwa kuitoa asidi kwenye damu, na umezaliwa hivyo. Wengi wetu Wamaori tumerithi."

"Kwa hiyo unawatukana wazee wetu?"

"Pua yako umeirithi kwao. Nayo ni tusi?"

"Sinywi," Tūtere akasema, akageukia ukutani.

Mama yake, bibi Rīpeka, alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Tangu jongo limwanze mwanawe, neno lake lilikuwa moja tu: ulafi. Ndilo alilokuwa akimwambia na marehemu mumewe, aliyeumwa mguu vilevile.

"Mjukuu wangu," akauliza taratibu, "hata ugonjwa wa babu yako haukuwa ulafi?"

Kahurangi akamgeukia. "Haukuwa, Bibi."

Kikongwe akaanza kuvutavuta nyuzi za shali yake.

"Miezi yake mitatu ya mwisho aliniomba kome. Kila asubuhi, kome wawili tu. Nikamwambia, ulafi umekuua na bado unataka? Nikampa uji. Amekufa hajawaonja."

Tūtere akageuka, akamnyooshea binti yake kiganja. Akakimeza kidonge bila hata maji, kisha akainuka, akauma meno, akachechemea mpaka kwenye kile kiti.

"Mama, hukujua."

"Sikujua," Rīpeka akasema, machozi yakimtoka. "Na yeye hakujua. Aliniomba radhi, mwanangu. Mpaka anakata roho alikuwa ananiomba radhi."