Dada Yangu Alipouliza Jua Linakula Nini

Mwezi wa saba upepo wa Dodoma unaingia hadi kwenye mifupa. Asubuhi tulikuwa tunakaa nyuma ya jiko la mama, dada yangu na mimi, tunaota jua. Surua ilimwondolea dada macho akiwa hajaanza hata kusema. Alisoma bweni Buigiri, kwenye shule ya wasioona, akawa mwalimu, akaolewa Kibakwe, na kila likizo alikuja nyumbani. Mimi nilikuwa naihesabu likizo yake kuliko yangu.

Mwaka niliokuwa kidato cha sita aliniuliza jua linakula nini hata lisiishiwe. Nikamwambia haliungui kama kuni. Ndani kabisa, haidrojeni inagandamizwa na kupata joto kali mpaka inaungana na kuwa heli, na sehemu ndogo ya uzito inageuka nishati. Alinisikiliza, kisha akasema hajaelewa kwa nini halipasuki.

Nikamwambia anyooshe viganja. Nikaweka vyangu juu ya vyake. Yeye awe uzito unaobana kuja ndani, mimi niwe joto linalosukuma kwenda nje. Tulisukumana mpaka mikono ikatetemeka, mama akatuuliza kama tumegombana. Kisha nikaachia ghafla, dada akaniangukia kifuani.

"Ndivyo linavyokufa?" aliuliza, bado ameniegemea.

Nilimweleza kwamba nyota kubwa sana, ndiyo, hujiangukia hivyo halafu hulipuka. Jua letu ni la kawaida. Litavimba, liwe jekundu, livue tabaka zake za nje, na kibaki kiini kidogo cheupe kinachopoa taratibu. Akataka kujua ni lini. Nikasema mabilioni ya miaka.

"Basi mimi na wewe tutakuwa tumeshamaliza maongezi yetu," akasema.

Hatukuyamaliza. Figo zilimchukua akiwa bado kijana, tukamzika Kibakwe, mvua ikinyesha kwenye vilima.

Sasa nafundisha fizikia hapa mjini. Juzi, nikiandaa somo, nilisoma jambo ambalo sikuwahi kulijua: nishati inayotengenezwa kwenye kiini cha jua hutangatanga humo ndani maelfu ya miaka, ikipokewa na kutolewa tena na tena, kabla haijafika juu. Kutoka hapo kuja kwetu ni dakika chache tu. Joto lile tulilokuwa tukiota lilianza safari kabla ya babu yeyote tunayemjua.

Nikashika simu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina lake ndipo nikakumbuka.

Nikampigia shemeji, mumewe, kule Kibakwe. Nilimwamkia, nikauliza habari za shamba, halafu nikamweleza yote, bila kujua namwelezea ili iweje.

"Angekuuliza maswali mpaka chai ipoe," shemeji akasema.

Kisha akaniomba nirudie, polepole, kuanzia mwanzo.