Rais Aliyetua Akiwa Hana Nchi

Bendi ya polisi ilikuwa na mwanamke mmoja tu, na kazi yake ilikuwa kupiga matoazi. Wenzake wakamwita Matoazi, na jina likamganda mpaka karani wa mishahara akalisahau lile la kwenye cheti. Zamani alikuwa askari wa kuongoza magari. Mkuu wa bendi alimwona kwenye njia panda, jua la utosi, amesimama wima bila hata kufukuza nzi, akaenda kumwomba kwa wakubwa wake. Alimweleza waziwazi kwamba kazi ya matoazi ni kungoja. Wengine wanapuliza mpaka mishipa inawasimama, wewe umeshika visahani vyako viwili vya shaba, unahesabu kimoyomoyo, na ukikosea pigo moja umeharibu wimbo wa taifa la watu.

Nyumbani, mama mkwe wake aliyekuwa akiwalea wajukuu hakuielewa kazi hiyo hata chembe.

"Yaani mwanangu, serikali inakulipa kwa kugonga mara tatu?"

"Nne, mama," Matoazi alimjibu huku akipiga pasi sare. "Wakija wageni wakubwa, nne."

Tarehe tisa ya mwezi wa sita mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Rais wa nchi jirani angekuja kutia saini mkataba wa kugawana maji ya mto wa mpakani, jambo lililokuwa limezikosanisha nchi hizo mbili kwa muda mrefu. Wimbo wa taifa lake ulikuwa mgumu. Katikati, vyombo vyote vilinyamaza ghafla, na ndani ya ukimya ule matoazi yalilia mara moja, peke yake. Matoazi alikuwa amelichelewa pigo lile mara nyingi sana, mpaka mkuu wa bendi akaacha kumfokea, akaanza kumwonea huruma. Alilipata kwenye mazoezi ya mwisho mwisho.

Asubuhi ile walijipanga kando ya zulia jekundu kwenye uwanja wa ndege. Bendera zilishapandishwa, waziri wa mambo ya nje alishafika, na ndege ilishapaa huko ilikotoka. Ndipo dereva wa lori la bendi, aliyekuwa amebaki kwenye usukani akisikiliza redio, alipokuja akitembea haraka bila kukimbia, kama mtu aliyebeba habari ya msiba. Alimnong'oneza mkuu wa bendi, na Matoazi aliyekuwa jirani akasikia yote. Wanajeshi wa nchi jirani wametwaa madaraka. Mipaka imefungwa. Rais si rais tena.

Waziri aliitwa ndani kwenye simu. Alipotoka aliingia garini, na gari likaondoka. Waliofuatana naye wakakumbuka kazi nyingine, mmoja baada ya mwingine. Akabaki ofisa wa itifaki, mwanamume mwembamba mwenye leso iliyokwisha kulowa.

"Tupige wimbo gani?" mkuu wa bendi alimuuliza.

"Wimbo wao usipigwe."

"Sawa. Ila tukisimama kimya na vyombo mikononi, atajua kuna jambo kabla hajafika chini."

Ofisa alitazama juu, ambako ndege ilikuwa imeanza kuonekana. "Pigeni kitu cha kawaida basi."

Walipiga wimbo wa gwaride la kufuzu makuruta, wimbo mchangamfu wa kutembelea. Kama rubani alikuwa amesikia lolote, hakuwa amemwambia abiria wake. Mgeni alitokeza mlangoni akapunga mkono, akateremka ngazi, akafika kwenye zulia. Aliposikia bendi, alibana visigino, akaweka mkono kifuani, akaikazia macho bendera yake. Alisimama hivyo mpaka mwisho wa wimbo wa makuruta. Muziki ulipokwisha hakuushusha mkono. Aliuacha pale, akingoja wimbo wake uanze. Matoazi naye alitazama mbele. Kungoja alikuzoea, lakini kungoja kwa mtu mwingine kulimpa shida.

Hatimaye mgeni alishusha mkono, akamgeukia ofisa wa itifaki.

"Niambie tu."

"Twende ndani, Mheshimiwa."

Baada ya muda, wakati bendi inapakia vyombo nyuma ya jengo, mlango mdogo ulifunguliwa na yule mgeni akatoka. Nyuma yake alikuwa askari mmoja tu, aliyeambiwa amsindikize mpaka gari litakapopatikana. Hakuna aliyejua gari hilo linatoka wapi. Mgeni alimwona Matoazi akifuta visahani vyake kwa kitambaa.

"Wimbo wetu mlikuwa mmejifunza?"

"Tulijifunza, mzee."

"Na lile pigo la katikati?"

"Lilinisumbua. Nikalipata."

"Kwetu hulichelewa," alisema. "Kila sherehe, wanalichelewa." Akavua miwani, akaitazama, akaivaa tena. Gari likaja, dogo, bila bendera, akaingia.

Haikupita wiki, watawala wapya wakaleta malalamiko. Mtu waliyemwondoa amepokewa kwa bendi na zulia, kama mkuu wa nchi, na habari za mto hazitazungumzwa mpaka maelezo yatolewe. Wizara ikaunda kamati. Ofisa wa itifaki aliiambia kamati kwamba hakutoa amri yoyote. Matoazi, alipoitwa, alisema aliisikia amri kwa masikio yake. Walimshukuru, wakamwambia akapumzike. Kisha wakamtoa kafara mkuu wa bendi. Alihamishiwa bohari ya sare, kuhesabu buti.

Matoazi alikwenda kumtembelea huko, akamkuta amekaa juu ya furushi la mablanketi, anakunywa chai.

"Niliwaambia ukweli, afande."

"Najua. Walinisomea ulichosema." Akamsogezea kikombe. "Walihitaji mtu, na mimi nilikuwa karibu. Kaa, unywe."

Mkataba ulitiwa saini mwaka uliofuata. Watawala wapya walikuja na wimbo mpya wa taifa, mfupi, usio na matoazi kabisa, kwa hiyo siku ile Matoazi alisimama na visahani vyake mpaka mwisho bila kuvigusa. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu alipoambiwa.

Yule aliyepinduliwa alibaki mjini, akafundisha sheria chuoni. Siku moja Matoazi alimwona dukani akichagua betri za redio. Alitaka kumsalimia, akasita, na aliponyanyua macho tena mtu alishalipa na kwenda zake. Miaka kadhaa baadaye mkuu wa bendi aliombwa arudi kwenye bendi. Alikataa, akasema bohari ina kivuli na buti hazikosei. Matoazi alihamia ngoma kubwa, kwa sababu bega lilimuuma kwa kuinua visahani, akaipiga mpaka alipostaafu.