Mbuzi Yenye Meno

Katika vitu vyote tulivyofukua msimu ule, kaskazini ya Bagamoyo, kilichotusumbua zaidi ni kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, bapa, chenye urefu wa kiganja na ncha pana. Kiongozi wetu wa uchimbaji, mtu wa bara na bingwa wa kazi yake, alikiweka kwenye fungu la silaha. Alikiona ni kichwa cha mkuki. Basi chumba kilimotoka kikaanza kuitwa ghala la askari.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, na mwenyeji peke yangu kikosini. Jina lile lilinikera. Nilishachoka kusikia kwamba pwani yetu ni ya ngome, minyororo na wapita njia, kana kwamba hapakuwahi kupikwa hata sufuria moja ya wali.

Siku nilipopewa kukisafisha, nilisugua kwa brashi laini, taratibu, mpaka ukingo wa ile ncha ukatoa vijino. Nikacheka peke yangu. Nikatoka chini ya turubai nikamfuata kiongozi.

"Daktari, hii ni mbuzi."

Alikuwa akichekecha udongo. "Mifupa peleka upande ule."

"Si mfupa. Mbuzi hii ina meno."

"Mbuzi yeyote ana meno, binti yangu."

"Huyo ana. Hii ina."

Akasimamisha chekeche. Ndivyo kilivyo Kiswahili chetu: mnyama na kifaa wanachangia jina, na herufi moja tu inatosha kukuambia yupi anakula majani na ipi inakuna nazi. Hata hivyo hakukubali palepale, na alikuwa na haki, maana meno hata msumeno unayo. Alitaka ushahidi.

Jioni nikaenda nyumbani, mjini. Nikamkuta mama jikoni.

"Shikamoo, mama. Naazima mbuzi."

"Marahaba. Na mimi nazi nitakunia kucha?"

"Kesho nairudisha."

Asubuhi tukaziweka mezani, ya mama na ya shimoni. Ya mama imelika meno ya upande mmoja, kwa kuwa miaka yote amekalia kibao kilekile na kuzungusha nazi kwa mkono wa kulia. Ya shimoni imelika vivyo hivyo, upande uleule. Kiongozi akapitisha kidole kwenye moja, akapitisha kwenye nyingine, kisha akachukua kalamu, akafuta "ghala" na kuandika "jiko". Nilijivuna, sisemi uongo. Chumba kile kilikuwa kimepata mwenyewe: mwanamke aliyekaa pale akakuna, watu wakala wakashiba.

Nilimrudishia mama mbuzi yake kabla hajabandika chungu, nikamsimulia yote. Akayatazama yale meno yaliyolika, akakaa juu ya kibao, akashika kizio cha nazi.

"Na huyo mwenzangu," akauliza, "mmemwandika vizuri?"

"Tumemwandika, mama."

Akaanza kukuna.