Aliyepanda kwa Mkono Mtupu

Ukitaka kucheka, cheka. Nimechekwa na watu wakubwa kuliko wewe na bado niko hapa. Lakini haya ninayokuambia niliyaona kwa macho yangu, asubuhi, jua likianza kutoka, na nilichokuwa nimekunywa ni chai ya maziwa. Pombe sijui hata ladha yake.

Mimi ni mkulima huku kijijini Ziwa, ukitoka Eldoret kuelekea juu. Shule niliiacha mapema, na shamba hili hakuna aliyenirithisha. Nililinunua kwa kupakia magunia kwenye malori mjini, wakati mgongo huu ulikuwa bado ni mgongo. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Nikisimama kuomba, hata walioko nje wanasikia.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Huku kwetu wenye moyo hupanda mahindi udongo ukiwa vumbi tupu, ili mvua ikianza ikute mbegu iko chini tayari. Kama wewe si mkulima, elewa maana yake. Unachukua mbegu nzuri, unaizika kama mtu anayezika kwenye jivu, halafu unaangalia juu. Mvua ikija upesi, umewatangulia wote. Ikikawia, mchwa na panya wanashiba. Na mimi nilikuwa na mbegu ya kupanda mara moja tu. Ikiharibika, nyumba yangu yote ingekula nini mpaka msimu mwingine?

Kwa hivyo niliomba. Jumapili moja kanisani nilimlilia Mungu atupe mvua mpaka shati likalowa jasho. Tulipotoka, jirani yangu Baba Wambui, ambaye alikuwa ameshapanda lake, akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, wewe umepanda?"

"Nangoja mvua."

"Kumbe hiyo maombi yote ilikuwa ya shamba yangu? Asante basi."

Watu wakacheka. Mke wangu, Mama Chebet, alicheka kuliko wote.

Kesho yake asubuhi nikachukua fimbo nikaenda kuangalia shamba. Kulikuwa na ukungu mwembamba. Kando ya seng'enge, kwenye kile kipande ambacho trekta haikifikii vizuri, nikaona mama mmoja amefunga kitambaa kichwani, kibuyu kiko kwapani. Anatia mkono kwenye kibuyu, anarusha, anasonga. Anatia mkono, anarusha, anasonga. Haraka hana.

"Mama, umepotea?" nikamwita. "Hii shamba iko na mwenyewe."

Hakugeuka. "Hata mvua iko na mwenyewe," akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama ya mtu mnayekutana sokoni.

Nikamkaribia kwa hasira, kwa sababu mimi sichezewi kwenye shamba langu. Akatoa mkono kwenye kibuyu, ukafunguka karibu na uso wangu. Niamini, nilikuwa karibu kama ulivyo karibu na karatasi hii. Hakukuwa na kitu.

"Unapanda nini na mkono ni mtupu?"

Hapo ndipo aliponiangalia. Uso wake siujui, lakini alinitazama kama mtu aliyenifunga nepi. "Na wako uko na nini?"

Nikaangalia mkono wangu. Ulikuwa na fimbo.

"Mbegu yangu iko stoo," nikasema.

"Basi tuko sawa, baba. Twende tuvune."

Akacheka, akaendelea kurusha. Mimi nikainamisha macho, aibu imenishika, na hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo likinijia nywele zinasimama. Vumbi la wakati huo ni kama unga, hata kuku akipita unajua ameenda wapi. Viatu vyangu vilikuwa vimechora njia yote tangu langoni. Vyake? Hakuna. Hapakuwa na alama hata ya kidole. Nilipoinua kichwa kulikuwa na ukungu na seng'enge, basi.

Utaniuliza kama nilikimbia. Mimi sikimbii. Nilitembea haraka.

"Mama Chebet, toa mbegu."

Akaangalia juu. "Mvua iko wapi?"

"Haiko. Toa mbegu."

Akaingia stoo akaitoa. Tukapanda siku hiyo, jua linatuchoma shingo. Baba Wambui akaegemea seng'enge. "Mzee, umeona wingu gani?"

"Sijaona."

Akaniangalia kidogo, hakucheka. Akaenda kuchukua jembe lake, akaja kutusaidia.

Sasa unangoja nikuambie mvua ilinyesha jioni hiyo. Haikunyesha. Ilikawia, na mchwa wakala mistari mizima, na Baba Wambui ndiye aliyetugawia mbegu iliyombakia tukajaza mapengo. Tulivuna ya kutosha kula, wala si ya kujisifu. Lakini usiku wa siku ile tuliyopanda nililala kama mtoto, na mvua haipo hata kwa harufu. Hebu niambie, usingizi ule ulitoka wapi? Miaka yote hiyo nilidhani imani ni kamba ya kumvutia Mungu aje mahali nilipo. Kumbe Mungu alikuwa shambani kitambo. Aliyehitaji kutolewa stoo ni mimi.

Mchungaji anasema yule alikuwa malaika. Mke wangu anasema ni marehemu mama yangu, ila amejibadilisha uso kwa sababu alipenda kunichezea. Mimi sibishani na yeyote. Najua nilichoona.

Na najua kilichoota. Kile kipande cha kando ya seng'enge hatukukipanda. Mvua ilipokuja, kikajaa wimbi, ile nafaka ndogo ya uji, chakula cha babu na nyanya zetu, ambacho majirani zangu wote waliacha kupanda zamani. Kila mwaka kinaota chenyewe. Sisi kazi yetu ni kukata na kusaga. Naandika haya na kikombe cha uji wake kiko hapa mezani, na ni mtamu.

Kwa hivyo wewe unayepiga magoti na mbegu umeifungia ndani, nakuonya kama mzee wako. Usipite kando ya shamba langu asubuhi na mapema. Utaulizwa mkono wako uko na nini, na fimbo si jibu.