Chokaa Yenye Chumvi

Kichuguu kilisimama karibu na mwisho wa kiwanja cha ndege, pale Kihanga, kirefu kuliko mtu na kigumu hata majembe yalidunda. Waliposhindwa kukibomoa, wakubwa waliamuru kipakwe chokaa ili rubani anayetua mchana akione mapema. Mume wangu ndiye aliyepewa kazi hiyo. Hakumaliza hata mwaka, akaenda Uganda kutafuta kazi nyingine, akaniachia ndoo na brashi.

"Ndege ikikigonga, tutakuja kukuchukua wewe," karani wa bomani aliniambia. Siku ya ndege hakunitajia, kwa sababu hata yeye hakuijua.

Chokaa ilichanganywa na chumvi ili ishike. Bila chumvi, mvua moja tu iliiosha yote. Ikiwa na chumvi, ng'ombe wa jirani walikilamba kichuguu hadi pale ulimi ulipofikia, kikabaki chekundu chini na cheupe kichwani.

"Shemeji, unanitunzia ng'ombe vizuri," jirani alinitania.

Sikucheka. Nilipaka asubuhi, nikashinda juani na fimbo. Migomba yangu ilisongwa na majani, na kanisani nilipasahau. Nilimchukia mume wangu, nikamchukia karani, na ng'ombe niliwachukia zaidi.

Kisha kaka yangu akaja kutoka Nyakakika. "Dada, mama hali kitu. Anakuulizia wewe."

Nikamwambia nitakuja ndege ikishapita. Baada ya siku nne akarudi, akakataa hata kuketi.

"Kwani hicho kichuguu ndicho kilichokuzaa?"

Neno lile lilinichoma. Kesho yake alfajiri nilipaka mara mbili, nikamsihi jirani awazuie ng'ombe wake, naye akakubali huku anacheka. Nikashika njia.

Nilikuwa nimefika nusu ya safari niliposikia muungurumo. Ndege ilipita juu yangu, ikielekea nilikotoka. Akilini nikakiona kichuguu kimelambwa chote, nikamwona karani na pingu. Niligeuka, nikakimbia.

Nilifika kiwanjani jua likielekea kuzama. Ndege ilikuwa imetua salama, na rubani alikuwa akinywa chai na karani. Kichuguu kilikuwa cheupe vilevile nilivyokiacha. Jirani alikuwa ameketi mbele yake na fimbo mkononi, ng'ombe wake wako mbali bondeni.

"Shemeji," akaniuliza, "umerudia nini?"

Mama alifariki jioni ile. Nilipofika Nyakakika kesho yake, walikuwa wamekwisha kumzika.